Kifua cha Mwalimu Shaame

Wewe umewahi kuinamia mtungi wa maji ya kunywa ukasikia moyo wa mtu unadunda ndani?

Usiharakishe kucheka. Mwanapili hakuwa mtu wa kusikia vitu. Alikuwa mke wa mwalimu hapo Wawi, ana watoto watatu na mbuzi wawili, na upuuzi hakuwa na nafasi nao. Tena ilikuwa saa tano asubuhi, Jumanne, mwezi wa Januari mwaka 1961, jua limekaa juu ya makuti, saa ambayo hata waoga huwa majasiri. Alichovya kata mtungini. Akasikia: du. Kimya. Du. Akaitoa kata. Mdundo ukaendelea. Akaweka kiganja ubavuni mwa mtungi, na ule udongo ambao siku zote ni baridi ulikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Wifi," aliita, bila kupandisha sauti. "Hebu njoo uweke mkono wako hapa."

Wifi yake ni Kazija, dada mdogo wa mumewe, mwanamke wa miaka ishirini na minne aliyeachwa kabla ndoa haijatimiza mwaka, akarudi kwa kaka yake na sanduku moja na sindano zake za kushonea kofia. Alikuja na unga wa muhogo mikononi, akagusa.

"Kunadunda," alisema.

"Kunadunda n'nini?"

"Mie n'jue wapi? Mtungi wako huo."

Wakayamwaga maji migombani. Hapo ndipo harufu ilipoingia. Haikuwa ya mzoga wala ya ubani, ambazo kila mtu wa Pemba anazijua na anajua zinaleta nini. Ilikuwa tamu, kali, ya baridi, kama tunda lililooza ndani ya bati. Ikatembea chumba hadi chumba, na mdundo ukaifuata, safari hii si mtungini tena bali ndani ya ukuta, mahali palipo sawa na kifua cha mtu aliyesimama.

Mwalimu Shaame mwenyewe hakuwapo. Alikuwa London tangu Septemba, amepelekwa kwa kozi ya walimu. Huyu bwana inabidi nikwambie alivyokuwa. Alipokuwa na miaka kumi na saba alianguka kutoka kileleni mwa mkarafuu, wakambeba nyumbani kwa ajili ya kumwosha maiti, naye akaomba maji ya kunywa. Wazee wakasema amedakwa hewani, na anayekudaka hewani hakuachii bure. Shaame akacheka. Aliendelea kucheka miaka yote, akawa mwalimu, akasoma vitabu vitatu juu ya mwili wa binadamu, na hakuna mgeni aliyekunywa kahawa kwake akaondoka bila kusomewa. Majini, alikuwa akisema, ni ujinga uliopewa jina. Alipofika miaka thelathini sauti yake ilikauka ikawa kama ya mtu aliyeshikwa koo, na usiku mkewe akimkumbatia alihisi kitu kinampiga kifuani kwake kutoka mgongoni mwa mumewe. Vumbi la chaki, alisema Shaame. Chaki gani inapiga mgongoni, hakueleza.

Wiki mbili baada ya siku ya mtungi ikafika barua ya ndege. Kazija aliisoma kwa sauti, Mwanapili akisikiliza na mtoto magotini. Shaame aliandika kuwa alianguka darasani akitapika damu. Madaktari wakampiga picha, wakaona mshipa mkuu unaoshuka kutoka moyoni umetuna kama puto, pale ulipochanika kidogo zamani alipoanguka, na kwamba ungeweza kupasuka siku yoyote. Wakamfungua ubavu wa kushoto. Wakakata kipande kile cha mshipa, wakashona badala yake bomba la kitambaa, na muda wote huo mashine ikisaidia kusukuma damu. Alikuwa hajambo. Wasiwe na wasiwasi. Operesheni ilifanywa Jumanne, tarehe 24 Januari.

Kazija aliikunja barua. Wote wawili wakautazama ukuta.

"Usimwandikie," alisema Mwanapili.

"Nimwandikie nini? Kwamba moyo wake umefika kabla yake?"

Shaame alirudi mwezi wa Julai, wiki chache baada ya uchaguzi, wakati watu wa vyama viwili walikuwa hawazikani wala hawakopeshani chumvi. Lakini kifua cha Mwalimu walikuja kukitazama pamoja. Alikaa barazani, akavua shati, akageuka nyuma na mbele. Kovu lilianzia chini ya bega la kushoto mgongoni, likazunguka ubavu, likaja kukoma chini ya titi, jekundu, lenye alama za nyuzi pande zote mbili. Akachora mshipa kwa chaki sakafuni. Na sauti yake, ee, sauti ilikuwa imerudi safi kama ya muadhini.

"Kitambaa gani hicho, Mwalimu?" aliuliza Jecha, jirani, mtu wa maneno. "Bafta au doria?"

"Kimetengenezwa kwa dawa. Hakiozi."

"Basi yakhe siku ya kufufuliwa sote tutatoka uchi, weye peke yako una nguo."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Jecha akangoja watulie.

"Na yule jini wako wa mkarafuuni? Dokta kamkuta?"

Shaame naye alicheka, ila alichelewa kidogo. "Dokta kakuta damu iliyoganda, imejaa kopo zima. Huyo ndiye jini wenu."

Kisha akaingia ndani, na Mwanapili alimwona akisita kizingitini, pua juu, uso umepauka kama wa mtu aliyeitwa kwa jina katika mji asikojulikana.

"Harufu hii tangu lini?"

"Tangu Januari. Unaijua?"

"Dawa ya nondo," alisema Shaame.

Nyumba ile haijawahi kuwa na dawa ya nondo. Mwanapili alimtazama tu mumewe akienda moja kwa moja kwenye ukuta, pale pale, bila kuonyeshwa, akalaza kiganja, na mdundo uliokuwa ukipiga taratibu miezi sita ukasimama.

Walishukuru Mungu. Siku mbili nyumba ilikuwa kimya, watoto wakacheza ndani, Mwanapili akateka maji bila kusikiliza. Siku ya tatu Kazija aliamka kutoka usingizi wa mchana, akamwita wifi yake, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa imekauka, imebanwa. Mwanapili aliyekuwa akikuna nazi uani aliitika "Labeka, Baba Mjaka," akidhani anaitwa na mumewe, mumewe wa kabla ya London, na kifuu cha nazi kikamponyoka alipoinua macho akamwona aliyemwita.

"Mgongo unaniuma," alisema Kazija kwa sauti ile ya Shaame. "Hebu nitazame."

Akateremsha kanga. Kati ya uti wa mgongo na bega la kushoto ngozi ilikuwa ikiinuka na kushuka, inainuka na kushuka, na chini ya bega palikuwa na mstari mwekundu, mwembamba, wa urefu wa kidole kimoja, umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Kesho yake ulikuwa wa vidole viwili.

Shaame alitenda yote ambayo msomi hutenda. Alimpeleka Kazija hospitali, daktari akasikiliza kwa mpira wake, uso ukabadilika, akasema kuna mngurumo asioupenda na kwamba jambo hili ni la kupiga picha Unguja, na kama ndicho anachokidhania basi Unguja nako hakuna wa kukikata. Mstari wa ngozini hakuweza kuueleza. Shaame akasema ataandika London. Akasema ni ugonjwa wa ukoo. Akasema ni mchubuko wa kitanda cha kamba. Kila siku alikuwa na sababu mpya, na kila siku alivaa koti, lile la sufu alilokuja nalo, joto la Wawi likimtiririsha jasho shingoni, amelifunga vifungo vyote. Kifua chake hakukionyesha tena kwa mtu.

"Baba Mjaka," mkewe alimwambia, "barazani wanauliza mbona siku hizi husomeshi."

"Nina mafua."

Mwanapili hakungoja mafua yapone. Alituma ujumbe Mgogoni kwa Bi Tatu, mganga.

Kama unangojea kizee mwenye hirizi shingoni na macho mekundu, utangoja sana. Bi Tatu alikuwa mwanamke mnene, msafi, mwenye miwani, aliyekuja na mkoba wa ukili na kwanza akaomba chai. Akakunywa vikombe viwili. Akamtazama Kazija mgongo. Mstari ulikuwa umeshazunguka ubavu. Akatoa kipande cha ukili, akaupima mstari, akakikata sawasawa na urefu wake.

"Mwalimu," alisema, "na weye vua koti nipime lako."

"Mbele ya wanawake?"

"Nasikia ulilionyesha Wawi nzima."

"Sitaki kuingizwa kwenye mambo haya."

Bi Tatu akaandika kombe, aya za kunywa, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akalisuuza kwa marashi. Shaame alisimama mlangoni, amekunja mikono kifuani, mtu aliyekuja kutazama ujinga wa wengine. Ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, madirisha yako wazi, nje kuna watu wanaanua karafuu mikekani.

Kazija akanywa. Kwa muda hakuna kilichotokea, akapangusa mdomo, akataka hata kutabasamu kwa haya, kisha ile harufu tamu ya baridi ikapanda kutoka kwenye nguo zake yeye mwenyewe, ikajaza chumba mpaka mtoto mdogo wa Mwanapili akaanza kupiga miayo na kulegea mapajani mwa mama yake kama aliyeleweshwa, na mdundo ukaanza, kwanza mgongoni mwa Kazija, halafu katika mkeka, halafu katika sahani ambayo zafarani yake ilitikisika pamoja na kila pigo, halafu katika meno ya kila aliyekuwa pale, polepole, bila haraka, kama wa mtu anayejua kuwa nyumba ni yake na anangoja tu waliomo wahame.

"Asalaam aleikum," alisema Bi Tatu. "Unatoka wapi?"

"Kwenye baridi." Midomo ya Kazija haikusogea sana. "Nilikuwa na nyumba. Nilimdaka mwenye nyumba angali hewani. Kilichochanika ndani yake nilikishika kwa mikono miwili, miaka kumi na minne, sikufumbua vidole hata siku moja. Wakaja watu waliofunga midomo kwa vitambaa, wakapanua mbavu kwa chuma, wakanivunjia."

Mwalimu Shaame alikuwa amewasimulia watu kila kitu, mashine, uzi, bomba. Kwamba madaktari hufunga midomo, hilo hakuwahi kulisema. Mwanapili aliligundua papo hapo, akainua macho, akamwona mumewe ameteremsha mikono.

"Pole," alisema Bi Tatu. "Lakini kwa mwana huyu unatafuta nini?"

"Sitafuti. Nimepewa."

"Kakupa nani?"

"Aliyenipa ananisikia. Mie simtaji. Kutaja alitaja yeye."

Kazija akaanguka ubavu, akalala hapo akihema. Huko nje mtu alikuwa akimtukana kuku aliyeingia kwenye karafuu.

"Mwulizeni Safari," alisema Shaame, haraka haraka. "Yule mtalaka wake. Watu wao wanajulikana kwa mambo haya."

"Leo majini yapo, Mwalimu?" Bi Tatu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga. "Safari si damu yake. Jini hapewi mtu hivi hivi kama anayegawiwa chai. Lazima mtu atajwe kwa jina lake na jina la mama yake, na mtajaji awe wa damu moja naye. Mie natoka Mgogoni, hesabu ya nyumba hii siijui. Nyie mnaijua."

Hesabu haikuhitaji mwalimu. Mama wa Shaame na Kazija alikuwa kaburini mwaka wa tatu. Wa damu yao waliobaki duniani walikuwa wao wawili, na watoto ambao mkubwa wao ana miaka tisa.

"Tufanye nini?" aliuliza Mwanapili, akinong'ona.

"Aliyemtoa aseme. Kwa kinywa chake, mbele ya aliyetolewa, na asijisafishe. Akitia neno la kujisafisha, haikubaliki."

"Akisha kusema?"

"Jini anamwacha huyu, anarudi alikotoka. Huko atakuta nini, mie sijui."

Mkono wa Shaame ulikwenda wenyewe chini ya koti, ubavuni. Dokta alimweleza vizuri kabla hajapanda meli: kitambaa ni madhubuti, nyuzi ndizo za kuangaliwa. Asibebe mizigo. Asikimbie. Kinachouzuia mwili wake usimwage damu yake yote kwa pumzi mbili ni mishono iliyoshonwa na mtu.

Bi Tatu alimwachia Mwanapili kile kipande cha ukili. Na mchana wa kesho yake, Shaame alipopitiwa na usingizi kitini na koti lake, mkewe alifungua vifungo kimoja kimoja, akiwa amebana pumzi, akalaza ukili juu ya kovu kuanzia mgongoni mpaka chini ya titi. Kovu lilizidi kwa vidole vitatu. Akaenda kwa Kazija, akapima tena. Tangu jana mstari ulikuwa umeongezeka kimoja.

Vilibaki viwili.

Alikaa uani akaitazama ile tofauti kati ya kucha zake, na nitakwambia ukweli, hakulia. Alikasirika. Alilala karibu na mtu huyu miaka kumi, alisikiliza habari za figo na maini kila jioni, na siku zote alidhani kwamba mtu anayecheka majini hawezi kuongea nayo.

Siku mbili baadaye, asubuhi, Shaame alikuwa na sanduku mkononi.

"Nakwenda Chake kupanda meli," alisema. "Nivuke Unguja. Kuna daktari Mzungu pale, nikimweleza ana kwa ana..."

Hakumaliza, maana Kazija alikuwa amekaa kwenye kizingiti, miguu ameinyoosha mlangoni, anashona kofia. Mtu hawezi kutoka bila kumruka. Mstari ulikuwa umefika chini ya titi. Alikaa ameinama upande kwa sababu hiyo, kama anayelinda yai, na kanga mgongoni mwake ilikuwa ikiruka, ikitua, ikiruka, na kwa kila pigo sindano ilimtetemeka mkononi lakini alikuwa ameshajifunza kuchoma tundu katikati ya pigo na pigo.

"Kaka," alisema kwa ile sauti kavu. "Meli ni saa ngapi?"

"Saa nane."

"Basi kaa. Bado mapema."

Mwanapili alitoka jikoni, akasimama nyuma ya mumewe. Shaame akageuka, akamwona. Akamgeukia dada yake. Aliweka sanduku chini.

"Mie sikulaumu," alisema Kazija, bila kuinua macho kwenye kofia. "Nataka kujua tu. Kama nakwenda, niende najua. Ulikuwa umelala? Mwanapili anasema huenda ilikuwa ile nusukaputi, mtu husema vitu hata hajui. Kama ni hivyo niambie, nitakuamini."

Alikuwa amemfungulia mlango huo, unaona? Mlango mpana kabisa. Shaame alifungua kinywa, na Mwanapili alijua kwa uso wake ni maneno gani yanakuja, yale ya kitabuni, dawa, ubongo, ndoto za wagonjwa, na harufu ile ikaanza kupanda tena kutoka sakafuni, na kanga ya Kazija ikaongeza mwendo, ikaruka na kuruka mpaka sindano ikamponyoka, akaegemea mwimo wa mlango akiwa hana tena pumzi ya kuuliza, na watoto uani wakanyamaza wote kwa mara moja bila kuambiwa, na katika kimya hicho pigo moja likasikika katika nyumba nzima, ukutani, mtungini, sandukuni, halafu likangoja.

Shaame akakifunga kinywa. Akakaa chini, kwenye sakafu, mbele ya miguu ya dada yake. Akafungua koti, kifungo cha kwanza, cha pili, vyote.

"Nilikuwa macho," alisema. "Sindano ilikuwa haijachomwa. Walinilaza kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango unaotoa harufu ile ya nusukaputi, wakaniacha peke yangu kidogo. Jini akaniambia sikioni, wanakuja kuibomoa nyumba yangu, nipe pengine au twende pamoja. Nikapita kwa mmoja mmoja. Nikamfikia Mjaka, nikamruka. Nikawafikia wadogo zake, nikawaruka. Nikafika kwako. Nikaona huna mume, huna mtoto, na mama keshakufa, hatakulilia. Nikasema, Kazija binti Mwanakhamis. Nikalisema mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sauti ilikauka, nikaogopa hakusikia."

Kazija akainama akaokota sindano yake, na kanga mgongoni mwake haikuruka tena.